Ardhi Inayokizunguka Kituo cha Reli Pugu



Mama mmoja mjane wa jumuiya yetu ndogondogo alinijia siku moja akiwa na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mjumbe. Kwa hati hiyo marehemu mumewe alikuwa amenunua shamba lao la mikorosho na mihogo upande huu wa reli, enzi zile Pugu ilipohesabiwa kuwa shamba wala si mji. Ya pili aliiandika dalali, na juu yake palikuwa na bei. “Baba, niuze au nisiuze?”

Nilimshauri auze. Fikira zangu zilikuwa hizi: hana hati ya kumiliki ardhi, reli mpya inakuja, na akingoja huenda akahamishwa na kulipwa kidogo, au kulipwa baada ya miaka mingi, afadhali fedha iliyo mkononi, imsomeshe kijana wake. Ushauri huo ulikuwa mbaya, nami nayaandika makala haya nikiwa bado na deni lake. Shamba lile halikuguswa na reli hata hatua moja. Aliyelinunua alilikata vipande vipande, na kila kipande akakiuza kwa bei iliyokaribia bei ya shamba zima. Mama yule amepanga chumba mbali, kuelekea Chanika. Kila alfajiri hupanda daladala mbili kwenda Feri kununua samaki wa kukaanga, na njiani hulipita eneo lile lile alilokuwa akilipalilia.

Simwiti mnunuzi mwizi. Alilipa bei waliyokubaliana, na karatasi zilitiwa saini mbele ya mashahidi. Swali langu ni jingine: ile thamani iliyoongezeka kati ya siku aliyonunua na siku aliyouza, nani aliifanyia kazi? Mnunuzi hakupanda hata mchicha. Dalali hakuchimba hata kisima. Thamani ile ililetwa na reli, na reli imejengwa kwa fedha ya umma, yaani kodi na mikopo itakayolipwa na wakazi wa Kigoma na Mtwara ambao huenda hawataiona Pugu maisha yao yote.

Pugu si mgeni wa reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukapita katika vilima hivi na kufika Morogoro mwaka 1907. Kwa zaidi ya miaka mia moja treni zilipita hapa zikielekea bara, na mfanyakazi wa kila siku alibaki akisubiri basi barabarani. Mwaka 2012 ndipo usafiri wa treni ulipoanzishwa ndani ya jiji, kutoka Stesheni hadi Ubungo, na mwingine katika reli ya TAZARA. Watu wakaiita treni ile kwa jina la waziri wa wakati huo, Dakta Mwakyembe. Mwaka 2016 ikafuata treni ya Pugu. Niliipanda mara kadhaa. Ilikuwa ya taratibu, na watu walisongamana milangoni, lakini haikujua foleni ya barabara ya uwanja wa ndege, na mama mwenye ndoo na mzee mwenye fimbo waliweza kufika mjini saa waliyokusudia.

Kisha ikaja reli ya kisasa. Jiwe lake la msingi liliwekwa hapa hapa Pugu mwezi wa Aprili mwaka 2017 na Rais wa wakati huo, John Magufuli; na katikati ya mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kwenda Morogoro na baadaye Dodoma. Kituo cha Pugu ni cha kwanza baada ya Dar es Salaam. Katika nauli zilizotangazwa mwaka huo na mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, Pugu ilihesabiwa kuwa kilomita 19 kwa shilingi 1,000, na Soga, kituo kinachofuata, kilomita 51 kwa shilingi 4,000. Tazama tofauti hiyo kwa makini. Mtu wa Soga atakayekwenda mjini na kurudi atatumia shilingi 8,000 kwa siku; kwa siku 24 za kazi ni shilingi 192,000. Mlinzi au mfanyakazi wa dukani hawezi. Kwa mtu wa kipato cha chini, basi, Pugu ndiyo mwisho wa safari anayoweza kuimudu katika reli hiyo, na kwa sababu hiyo kila hekta iliyo karibu na kituo hiki ina uzito ambao hekta ya mahali pengine haina.

Mwalimu Nyerere alifundisha Pugu hadi alipojiuzulu mwaka 1955. Inasimuliwa kwamba alikuwa akienda mjini kwa miguu kwa ajili ya shughuli za siasa. Mwaka 1958 aliandika juu ya ardhi kama mali ya taifa, akitoa hoja kwamba mtu anachomiliki kwa haki ni jasho alilolimwaga katika ardhi, wala si ardhi yenyewe, ambayo ni tunu waliyopewa wote. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa kudumu ulifutwa nchini, na hadi leo sheria inasema kwamba ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais akiwa mdhamini. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilikwenda hatua moja mbele, ikakubali kwamba ardhi ina thamani, hata ile isiyo na jengo wala mti, na kwamba anayenyang’anywa hana budi kulipwa fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Naipongeza sheria hiyo. Lakini imemlinda mwenye ardhi anayehamishwa. Haijasema lolote la nguvu juu ya mwenye ardhi anayetajirika akiwa amelala.

Tuangalie kodi. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia malipo ya umeme, na kwa nyumba za kawaida kiwango ni kimoja. Nyumba iliyo hatua mia moja kutoka kituoni hulipa sawa na nyumba iliyo bondeni ambako bodaboda hukataa kushuka mvua ikinyesha. Kiwanja kitupu kisicho na mita ya umeme hakikatwi hata senti ya kodi hiyo. Ipo kodi ya pango la ardhi, lakini hiyo humpata kwanza mwenye hati, na wengi wa upande wetu hawana. Kwa hiyo mtu mwenye fedha akinunua viwanja kumi karibu na kituo, akavizungushia ukuta na kuviacha viote majani kwa miaka kumi, utaratibu wetu hauna cha kumwambia. Wakati huohuo mpangaji husukumwa Mvuti na Msongola.

Wapo watakaosema: liachieni soko, nyumba zitajengwa zenyewe. Kweli, zitajengwa. Dar es Salaam yote imejengwa hivyo. Jiji lilipata ramani kuu mwaka 1949, mwaka 1968 na mwaka 1979, na hiyo ya mwisho ikazeeka kabatini huku watu wakijenga wanakoweza. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja walitafuta mahali pa kulala katika miaka kumi, na wengi wao walipapata kwa dalali na mjumbe, si kwa afisa mipangomiji. Siwalaumu. Aliyejenga pasipopimwa alifanya hivyo kwa sababu palipopimwa hapakumfikia.

Na pale serikali ilipopima, mara nyingi ilisahau safari. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima maeneo mazuri, yakiwemo Buyuni upande huu wetu, yenye barabara zilizonyooka kwenye karatasi. Viwanja vingi vilibaki vichaka kwa miaka mingi kwa kuwa maji, umeme na usafiri havikufika pamoja na mawe ya mipaka. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu wa mabondeni walipelekwa Mabwepande, mbali kabisa na Feri, Kariakoo na mahali pengine walikopata riziki. Baadhi waliuza na kurudi bondeni. Tuliwaita wakaidi. Hatukufanya hesabu ya nauli.

Hapa kwetu sasa mambo yamegeuka: usafiri umetangulia, mpango bado. Nafasi ya namna hii haiji mara mbili katika maisha ya kitongoji.

Nchi nyingine zimekwisha kulifikiria jambo hili. Mwaka 1910 huko Japani, kampuni ndogo ya reli iliyoongozwa na Kobayashi Ichizo ilifungua njia kutoka Osaka kwenda mashambani, mahali ambapo wengi waliamini hapatapatikana abiria. Kampuni ilinunua ardhi kandokando ya vituo, ikajenga nyumba huko Ikeda na kuziuza kwa malipo ya awamu kwa watu wa mishahara ya kawaida. Faida ya ardhi ikaisaidia reli, na wenye nyumba wakawa abiria. Hong Kong ilifanya jambo la jamaa hiyo kwa kuipa kampuni ya treni haki ya kujenga juu ya vituo na kandokando yake. Lakini yafaa tuseme na upande wa pili, kwamba nyumba za Hong Kong ni ghali mno, na kujaza majengo marefu juu ya kituo hakumletei kabwela nafuu kwa nguvu zake yenyewe.

Kinachonivutia zaidi ni utaratibu mwingine wa Wajapani, uliowekewa sheria yake mwaka 1954. Wenye viwanja vilivyopangika ovyo hukubali kuviunganisha. Kila mmoja huacha sehemu ya eneo lake kwa ajili ya barabara, mfereji, shule na uwanja wa wazi, na sehemu nyingine huuzwa kugharamia kazi. Kisha kila mmoja hurudishiwa kiwanja kidogo kuliko cha awali, lakini kilichopimwa, chenye njia na maji, na chenye thamani kubwa zaidi. Hakuna anayehamishwa kwenda msituni. Ndugu zangu wa Pugu, Kajiungeni na Gongo la Mboto, huko si mbali na yale tunayoyafanya katika urasimishaji tunapokubaliana kila mtu arudishe ukuta nyuma hatua mbili ili gari la wagonjwa lipite. Tofauti ni kwamba sisi tunafanya nyumba zikiwa zimekwisha kusimama, na kila ukuta una machozi yake.

Ninaomba mpango wa namna gani? Nianze na mwendo wa miguu, kwa sababu kituo ni cha mtembea kwa miguu kabla hakijawa cha gari. Eneo ambalo mtu mzima hulifikia kwa dakika kumi au kumi na tano kutoka kituoni lichorwe kwenye ramani, na humo pasiruhusiwe ghala, wala jumba la mtu mmoja lenye ua wa ekari, wala maegesho yanayomeza ardhi ya nyumba mia. Humo ziwepo nyumba za kupanga za vyumba, zile zile ambazo watu wetu wanazijua, chumba kimoja au chumba na sebule, lakini zenye vyoo vya heshima na zilizopanda juu ghorofa mbili tatu. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo inaruhusu watu wengi kumiliki kila mmoja sehemu yake katika jengo moja. Kwa hiyo familia nne zenye viwanja jirani zaweza kuungana, kujenga jengo moja, kuishi chini na kupangisha juu. Zinachokosa ni mkopo wa riba inayovumilika na mchoraji asiyewadharau.

Aidha, soko. Kila kituo huzaa biashara, utake usitake: mama lishe, muuza vocha, fundi viatu, kijana wa machungwa. Wakisahauliwa kwenye mchoro watakaa barabarani, na baada ya miezi sita watafukuzwa na mgambo, na baada ya wiki mbili watarudi. Wapewe meza, kivuli na maji tangu mwanzo. Bodaboda na bajaji wapewe mahali pao, na mtembea kwa miguu apewe njia yenye taa, maana wasichana wanaorudi na treni ya jioni wameniambia ni sehemu gani wanazipita wakikimbia.

Lipo pia suala la maji. Mto Msimbazi huanzia katika vilima hivi vya Pugu na Kisarawe, hupita mabondeni na kuingia baharini karibu na Daraja la Salander. Tukiivua vilima miti yake na kuifunika ardhi kwa saruji bila mabwawa wala mifereji, mvua ya Pugu itakuwa mafuriko ya Jangwani siku hiyo hiyo. Mipaka ya utawala inazidisha ugumu: kituo kiko Jiji la Dar es Salaam, lakini ukitembea kidogo uko Kisarawe, Mkoa wa Pwani, kwa halmashauri nyingine na afisa ardhi mwingine. Maji na madalali hawaijui mipaka hiyo. Halmashauri hizi mbili hazina budi kuketi meza moja, na kama zimekwisha kuketi, basi wananchi waelezwe zilichokubaliana.

Na treni yenyewe je? Reli ya kisasa ilijengwa kwanza kwa ajili ya safari ndefu na mizigo. Nyumba elfu tano kando ya kituo kisichosimamisha treni za kutosha asubuhi na jioni ni mtego. Wanaopanga nyumba na wanaopanga ratiba wazungumze kabla msingi wa kwanza haujachimbwa.

Najua hofu iliyomo mioyoni mwenu mnaposikia neno mpango. Kwa wengi neno hilo limekuja likifuatana na alama ya X nyekundu ukutani. Watu wa Kipawa walifanyiwa tathmini mwaka 1997 kwa ajili ya kupanua uwanja wa ndege, na wengi walingoja zaidi ya miaka kumi kabla ya kulipwa na kuhamia upande huu wetu. Katika miaka hiyo yote hawakuweza kujenga, kukarabati wala kukopa. Huo haukuwa mpango. Ulikuwa kifungo cha nje. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya kuitunza nyumba yetu ya pamoja, aligusa jambo hili waziwazi: palipo lazima watu wahamishwe, wapewe taarifa mapema, wapewe mahali halisi pa kuchagua, na washirikishwe wenyewe katika maamuzi. Mimi naongeza la kienyeji: atakayehamishwa kwa ajili ya mradi wa kituo apewe haki ya kwanza ya kurudi na kupata nyumba ndani ya eneo hilo hilo la kituo. Fedha peke yake haitoshi, kwa kuwa fedha ya fidia ya Pugu hununua kiwanja Mvuti.

Hapo tusijisahau sisi wenyewe. Taasisi za dini, zetu zikiwamo, zina ardhi katika vilima hivi, nyingine tangu wamisionari wa kwanza wafike mwaka 1888. Nimehudhuria kikao ambamo ilisemwa kwamba sasa ardhi imepanda thamani tujenge ukumbi wa harusi na maduka. Nilinyamaza siku ile kwa sababu paroko ana madeni ya umeme kama mtu mwingine yeyote. Lakini tukiidai serikali na mwenye viwanja kumi watoe nafasi kwa mpangaji, hatuwezi kuweka ukumbi wa harusi mahali ambapo zingeweza kukaa familia thelathini. Nitalisema hilo katika kikao kijacho, na ndugu zangu mapadre wanaosoma kijitabu hiki wanisaidie nisiwe peke yangu.

Kwa sasa, mambo machache yako ndani ya uwezo wetu. Mkutano mkuu wa mtaa una haki ya kuomba uonyeshwe mchoro wa mipangomiji wa eneo lake, kama upo, na kuambiwa kama haupo. Ombi hilo liandikwe, litiwe saini na wakazi wengi, wenye nyumba kwa wapangaji, na nakala ibaki kwa katibu. Waliopewa bei na dalali wasitie saini siku hiyo hiyo. Wamwombe siku saba, na atakayekataa siku saba amekwisha kujieleza. Akina mama wajane na warithi ambao ardhi bado ina jina la marehemu waanze na mirathi mahakama ya mwanzo, maana bila hati ya usimamizi hawataweza kujiunga na jirani yeyote wala kudai fidia yoyote kwa urahisi.

Kamati yetu ya haki na amani itakaa parokiani kila Jumamosi baada ya misa ya asubuhi kusoma karatasi za yeyote atakayefika, Mkristo na Mwislamu, bila malipo. Njooni na karatasi zenyewe pamoja na nakala, na mzee mmoja anayeijua mipaka. Mama yule wa Chanika amekubali kukaa nasi mezani, awaeleze wenzake yaliyompata, na ushauri aliopewa, na nani alimpa.